La Kuvunda

Verlon, umeniachia nyumba yenye magurudumu sita
na matangi mawili chini ya sakafu,
moja la kijivu, moja jeusi,
na kuhusu hilo jeusi hukuniambia neno.
"Hiyo kazi yangu," ulisema miaka kumi na mmoja,
ukivaa glavu zako za rangi ya chungwa,
ukinifungia mlango kama daktari.

Sasa ni Machi, jangwa la Arizona,
kiwanja cha wastaafu nje kidogo ya Yuma.
Sisi tulioikimbia theluji ya Minot
tumepangwa kama mabehewa yaliyosahau reli.
Na nyumba yako inanuka.

Nilianza kwa ujinga wa mwenye aibu.
Nikanunua dawa ya buluu, nikamwaga chupa nzima,
nikachoma udi wa malimau chooni,
nikapata uvundo wenye harufu ya malimau.
Koki niliiacha wazi wiki tatu,
nikidhani kilichopewa njia kitajiondokea chenyewe.
Maji yakaenda zake.
Kilichobaki kikajenga kichuguu gizani,
chini kabisa ya mahali ninapokaa.

Odelia Arceneaux ndiye aliyegonga.
Mwanamke huyu aliendesha mtambo wa maji taka
huko Louisiana, miaka thelathini,
na pua yake haimwogopi mtu.
"Una wadudu wadogo mle ndani," akasema,
"wanakula usiku na mchana bila mshahara.
Hiyo buluu yako imewaua wote.
Funga koki. Maji, mama, maji!
Wanataka kuogelea, wewe unawakausha.
Usifungue mpaka taa ya tatu iwake.
Na ukifungua, jeusi kwanza,
kijivu baadaye, ili povu la vyombo
liuoshe mpira kwa yale yaliyotangulia."
Akanikabidhi kopo la vimeng'enya
kama mtu anayetoa hamira ya nyumbani kwao.

Basi nikajaza tangi, nikaiwasha nyumba,
nikaizungusha kiwanjani mara nne,
nikichagua mashimo badala ya kuyakwepa.
Vikombe vyako vililia kabatini.
Wazee kwenye viti vya turubai wakanipungia mikono
kama napita na harusi.
Kisha nikapiga magoti changaraweni,
glavu zako zikinipwaya vidoleni,
nikavuta koki.

Kiwiko cha plastiki kinaonyesha kila kitu, Verlon.
Kahawia. Kahawia tena, yenye mabonge.
Halafu chai ya maziwa. Halafu chai ya rangi.
Halafu maji tu, yakikimbia, yakimetameta,
nami nimesimama mbele yake kama mjinga,
nina furaha.

Siku mbili.
Ya tatu, upepo ulipogeuka, harufu ikarudi.

Ungeniona nikipanda ngazi kwa magoti yangu haya!
Juu ya paa, pembeni mwa kipooza hewa,
kuna bomba ambalo tangi hupumulia.
Nikaingiza mkono nikitegemea kiota cha ndege.
Nikatoa soksi.
Yako, ya sufu, ya kijivu, ile niliyokufumia
yenye kisigino kilichokwenda upande.

Nyigu, nadhani. Vuli ile kule nyumbani
walikuwa wakijenga kila penye tundu.
Ukaziba, ukasema utazibua kabla ya safari,
na wakati huo ulikuwa umeanza kusahau,
ukinificha kwa mzaha na daftari la mfukoni,
na mimi ninajifanya sioni daftari.

Majira mawili ya baridi tangi halijavuta pumzi.
La kuvunda halina ubani, wanasema waliokwisha kujaribu.
Sawa. Lakini hata lililovunda
linahitaji tundu la kutazama mbingu.

Nilikaa juu ya paa lile nikicheka
hadi Odelia akatoka nje kuuliza kama nimeanguka.

Soksi nimeifua mara tatu.
Bado.
Nimeianika kwenye kioo cha pembeni, upande wako,
na leo sijafungua dirisha lile.
Kesho taa ya tatu itawaka.
Glavu ninajua zilipo.